Kisiwa cha Birere

Kisiwa changu kimetundikwa kwa misumari minne.
Nilimlipa Sebahire mfuko wa mchele, rangi akanunua mwenyewe,
akachora minazi mitatu, wa tatu umepinda
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Hajawahi kuona bahari. Bluu aliichota hapa chini, ziwani,
asubuhi moja isiyo na upepo,
na kisiwa alikiiga Tshegera, akakinyoa majani, akakiongezea jua.
Mimi sikusema kitu. Wateja nao hawasemi.

Sakafu yangu ni jiwe la volkano, jeusi, linakula soli.
Kwa hiyo nina karai la mchanga.
Naumwaga mbele ya pazia, nausawazisha kwa kipande cha ubao,
jioni naufagia, nauchekecha kutoa vifungo na pini za nywele,
naurudisha karaini. Mchanga uleule
umekanyagwa na maharusi wa miaka sita.

Jumamosi wakaja Kahindo na Muhigirwa.
Kahindo anauza makala nyuma ya soko;
kucha alikuwa amezisugua kwa limau mpaka zikang'aa.
Muhigirwa anatengeneza simu, na alikuja na daftari.
Nikadhani ni la majina ya wageni.
Kumbe ni la safari:
ndege, kwenda na kurudi. Teksi ya kutoka uwanjani.
Chumba, siku tano. Maua kitandani, pembeni alama ya kuuliza.
Kofia ya bibi harusi. Dawa ya mbu. Zawadi za mashemeji.
Kila ukurasa una jumla chini, na kila jumla imepigwa mstari:
pale ilipita homa ya mtoto wa dada,
pale mlima ulitapika, wakakimbilia Sake na godoro kichwani,
pale benki ilifunga milango na pesa ikabaki ndani.
Ukurasa wa mwisho una tarehe ya juzi.

Nikawaambia: vueni viatu, simameni hapa,
sogea kidogo, mnazi usikuote kichwani.
Wakasimama. Muhigirwa akanong'ona:
"Nimechukua chumba cha upande wa bustani. Ni nafuu."
"Bustani?"
"Tofauti ni dola kumi na nane kwa usiku."
"Nivuke nchi mbili nzima nikaangalie migomba?
Migomba iko kwa mama!"
"Asubuhi utashuka ngazi, bahari ni hiyo hapo."
"Sitaki kushuka. Nataka kufungua macho."

Mimi nimeshika kamera, mkono unakufa ganzi.
Jenereta inanguruma, mafuta yangu ni ya kuhesabu,
mtu wa picha ya paspoti anagonga mlango mara ya tatu,
na hawa wanagombania dirisha
la nyumba ambayo hakuna anayewangoja.
Ningewacheka. Koo likakataa.

Muhigirwa akalitazama daftari, akalitazama pazia,
ile bluu ya ziwa iliyodanganya watu wote isipokuwa mchoraji,
akachomoa kalamu sikioni,
akajumlisha upya, midomo ikicheza.
"Haya. Cha bahari. Lakini maua ya kitandani, basi."
"Maua nitachuma mwenyewe," akasema Kahindo, akacheka
hadi lile jino la pembeni, analofichaga kwa ulimi, likatoka nje,
na hapo ndipo nilibonyeza.

Wakati wa kuvaa viatu hakukung'uta mchanga.
Nilimwona. Ni mchanga wangu, karai linapungua,
na siku hizi kuchota ufukweni lazima uwape vijana kitu.
Nikainama kwenye kitabu cha risiti:
Kisiwa. Watu wawili. Nakala sita.
Wamelipa nusu.